Bei kwa Kilomita

Jumamosi, saa mbili asubuhi, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
na ukumbi wa kanisa unanukia siagi na makoti yanayoyeyusha theluji.
Meza tano. Keki thelathini na moja.
Mweka hazina ni mimi, kwa hiyo kalamu ninayo mimi,
na lebo zangu bado nyeupe.

Jana usiku nilipiga hesabu jikoni:
unga vikombe vitatu, mayai sita, siagi robo kilo,
asali ya Orest, ambayo haiuzi,
anakupa tu, kisha anakutazama ukiibeba hadi garini.
Umeme wa oveni. Karatasi ya kuokea.
Dola kumi na moja na senti arobaini, kabla sijajilipa.
Na nijilipe nini?
Saa ya mwanamke aliyesimama saa nane ya usiku
akipaka krimu tabaka la saba
huandikwa katika safu ipi?

Verna Lysak anasema ishirini na tano, wala tusione haya:
"Mjini ni hamsini, na ndani hamna kitu, hewa na rangi."
Bohdanna anasema tano.
"Hawa ni jirani zetu. Mwaka huu ngano ilinyeshewa ingali shambani.
Nani ana ishirini na tano za kutafuna?"
Wanabishana kwa ile sauti ya chini ya kanisani
inayokata kuliko kelele.
Na ya Bohdanna mwenyewe imebonyea katikati.
Ameimwagia sukari ya unga, kama theluji inavyofunika shimo,
anataka iandikwe dola mbili, isionekane inajidai.

Jamani, hatuuzi keki, nataka kuwaambia.
Tunauza barabara.
Emmett wa Corinne, miaka tisa, figo zake zimegoma.
Mara tatu kwa wiki anapelekwa Saskatoon kusafishwa damu,
kilomita mia moja themanini na nne,
na gari la mama yake linakunywa kama mlevi siku ya mshahara.

Nikafungua ukurasa mpya.
Dola moja ni kilomita nne,
ukiendesha polepole, upepo usipokuwa wa mbele.
Nikaanza kuandika lebo.
Ya shayiri: *mpaka sanduku la barua la akina Lysak.*
Ya limau: *mpaka ghala jekundu.*
Ya karoti: *mpaka darajani, pale redio inapokatika.*
Ya asali, tabaka saba: *nusu ya njia,
kituo cha mafuta chenye choo kisichofungika.*
Ile iliyobonyea sikuiandika kitu. Niliisogeza nyuma.

Verna akasoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.
Bohdanna akauliza ghala lipi, la zamani au jipya,
maana kati yake kuna kilomita sita,
na sita ni sita.

Milango ilipofunguliwa watu walinunua kwa namna ya ajabu.
Halvor, mwenye kisukari, alinunua daraja
akaondoka nalo kifuani kama mtoto mchanga.
Vijana wa hoki walichanga sarafu wakafika ghalani,
wakalila palepale wamesimama.

Saa sita akaingia Corinne.
Tukanyamaza kama watu waliofumaniwa wakisengenya.
Alizipitia lebo moja moja, kidole kikifuata,
midomo ikichezacheza; barabara ile anaijua kuliko sala.
Nikamwambia, "Wewe chukua tu."
"Usinipe bei ya huruma," akasema.
"Siku hizi kila kitu napewa kwa bei hiyo. Hata salamu."
Akanyoosha mkono nyuma ya zote.
"Na hii inafika wapi?"

Bohdanna akafungua mdomo, akaufunga.

Corinne akaitoa kalamu kati ya vidole vyangu,
akafikiri kidogo, akaandika neno moja,
akaweka noti ya ishirini juu ya meza.
*Kurudi.*

Nikatazama daftari langu.
Zile thelathini nyingine, zote,
nilikuwa nimeziandika za kwenda.